Hatua Kumi na Nane

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, saa moja na nusu asubuhi, Solange Vayssade alishuka ngazi za nyumba yake akiwa na kopo la rangi ya njano, brashi mbili, mkate, kipande cha jibini ya kondoo na chupa ya kahawa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na goti lake la kushoto lilimsumbua kwenye miteremko. Kazi ya siku hiyo ilikuwa ile aliyoifanya kila mwaka kwa miaka ishirini na miwili: kukizunguka kijiji cha Roquebrelle kwa njia ya watembeaji, kilomita kumi na tisa kutoka uwanja wa kanisa mpaka uwanja wa kanisa, na kupaka upya alama za njano kwenye miti, mawe na nguzo, ili wageni wasipotee.

Josette wa duka la mikate alikuwa akifagia mlangoni kwake.

"We Solange, hiyo brashi utazikwa nayo?"

"Ukinizika wewe, nitaamka nikupake njano."

"Nipake uso basi, labda nitapata mume."

Solange akapita chini ya lango la mawe la zama za wafalme, akashuka kwa ngazi zilizochakaa hadi mtoni, akavuka daraja lililo na upinde mmoja, akaanza kupanda. Alama ya kwanza ilikuwa kwenye ukuta wa kinu cha maji, ya pili kwenye mti wa mjozi, ya tatu kwenye nguzo ya simu. Kila alipofika aliikwangua, akaifuta kwa kitambaa, akapaka mstari mmoja wa urefu wa kiganja.

Kwenye kilomita ya nne, njia ilipoingia msitu wa mialoni, alimkuta Firmin Cazelous ameegemea ukuta wa mawe, na jiwe begani.

Firmin alikuwa amefariki mwaka wa themanini na saba, akiwa na miaka sabini na mitatu, kwa ugonjwa wa moyo, wakati anakula supu. Solange alikuwa amehudhuria mazishi. Firmin alikuwa amevaa suti ileile aliyozikwa nayo, ya kahawia, na upande mmoja wa koti ulikuwa umechanika pale jiwe lilipokaa. Watu wa kijijini walijua kwamba alikuwa njiani tangu sikukuu ya Watakatifu Wote ya mwaka uliopita. Watembeaji walikuwa wamemtaja mara kadhaa ofisi ya utalii, wengi kwa sifa nzuri. Solange, ambaye wakati wa baridi hakutembea kwa sababu ya goti, alikuwa bado hajakutana naye.

"Habari za asubuhi, Bwana Cazelous," akasema.

Alipokuwa mtoto alimwita ami Firmin. Mashamba yao yalipakana, na ndiye aliyesimama na baba yake kanisani siku baba alipooa. Lakini hiyo ami ilikuwa imekwisha mwaka wa sitini na nne.

"Nzuri, mwanangu. Samahani, siwezi kukupa mkono."

"Naona."

"Niliweke wapi?"

Solange alilitazama jiwe. Lilikuwa refu kama mkono kutoka bega hadi vidole, limechongwa pande nne, lenye herufi V upande mmoja na C upande wa pili. Alilijua vizuri. Lilikuwa jiwe la mpaka kati ya shamba la Vayssade na la Cazelous, na mara ya mwisho alipoliona lilikuwa ardhini.

Akafungua kopo na kuanza kukwangua alama ya mwaloni uliokuwa karibu naye.

"Mimi ndiye unayeniuliza?" akasema bila kugeuka.

Vijana wawili kutoka Toulouse, mume na mke wenye fimbo za kutembelea, wakapita. Inaonekana walikuwa wamewahi kuja.

"Salama, mzee? Hujapata tu pa kuliweka?"

"Sijapata."

"Liweke chini upumzike basi, utavunjika mgongo!"

"Halikubali," Firmin akasema, na wakaenda zao wakiwatakia safari njema.

Hadithi ya jiwe hilo ilikuwa fupi, na wazee wote wa Roquebrelle waliijua nusu yake. Émilien Vayssade, baba yake Solange, alikuwa na shamba lililoanzia kwenye mjozi mkubwa na kuishia kwenye jiwe, hatua mia moja na kumi na mbili. Mwishoni mwa shamba, hatua chache kabla ya jiwe, palikuwa na chemchemi ambayo haikukauka hata kwenye kiangazi kibaya. Mwaka wa hamsini na nane Émilien alipima akapata hatua mia na tisa. Akadhani amechanganya. Mwaka uliofuata akapata mia na sita. Alipofika tisini na tisa alimwita mpima ardhi kutoka mjini, naye mpima ardhi akaja, akanywa divai, akapima kuanzia kwenye jiwe, na akaona kila kitu kiko sawa, kwa kuwa jiwe la mpaka ndilo mpaka.

Émilien aliendelea kuhesabu. Ilipofika tisini na nne, chemchemi ilikuwa upande wa Cazelous, na ng'ombe wake wakaanza kunyweshwa kwa ndoo. Akawa anahesabu hatua shambani asubuhi na jioni, kisha njiani, kisha kanisani kutoka mlangoni hadi madhabahuni, kisha jikoni kutoka mezani hadi kwenye jiko, kwa sababu alitaka kuwa na uhakika kwamba kosa haliko miguuni mwake. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mwezi wa Machi mwaka wa sitini na nne gari jeupe lilikuja na barua ya daktari iliyosainiwa na mashahidi wawili, meya wa wakati huo na jirani Firmin Cazelous, na Émilien akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa huko miaka saba. Akafia huko, akazikwa huko kwenye makaburi ya hospitali, chini ya msalaba wenye namba. Solange alikuwa na miaka kumi na minne siku gari lilipokuja. Baba yake alipanda mwenyewe, na akahesabu ngazi za gari, ambazo zilikuwa mbili.

Sasa Solange alimaliza alama ya mwaloni, akaenda kwenye iliyofuata, na Firmin akamfuata. Kila aliposimama, naye alisimama. Hakuweza kukaa wala kulishusha. Aliegemea tu kitu chochote kilichokuwa karibu na kuhema, ingawa hakuhitaji hewa. Solange aliliona hilo. Alama ambazo kila mwaka alizipaka mara moja, siku hiyo alizipaka mara mbili, na katikati alikuwa akingoja rangi ikauke. Kwenye jiwe la njia panda alikula mkate na jibini, polepole, akiwa amekaa, huku Firmin amesimama mbele yake.

"Ni haki yako," Firmin akasema.

"Sikukuuliza."

Msitu ukaisha, wakatokea kwenye uwanda wa juu, mahali penye kuta za mawe zisizo na mwisho, vichaka vya mirujuani na kondoo wa watu wengine. Upepo ulikuwa unavuma. Kwenye kikanisa cha Mtakatifu Roch, kilomita ya tisa, Solange alipiga magoti kukwangua alama iliyokuwa chini kabisa ya ukuta, na goti likamkatalia kuinuka. Akabaki pale chini na brashi mkononi.

"Baba yako alihesabu sawa," Firmin akasema.

Solange akaendelea kukwangua.

"Nilikuwa nalisogeza wakati wa baridi, ardhi ikishalainika kwa mvua. Hatua mbili, hatua tatu. Majani juu nikiyarudisha kama yalivyokuwa. Alikuwa hakosei hata nusu hatua, Solange. Nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta wa ghala langu anahesabu kwa sauti, namba anayosema ni ile ile niliyoipima mimi."

"Na barua ukasaini."

"Nikasaini."

"Kwa nini?"

Firmin aliegemea ukuta. "Angeendelea kuhesabu," akasema.

Solange alikaa chini pale ukutani. Alikuwa amesubiri miaka sitini mtu aseme maneno hayo, na alikuwa amedhani akiyasikia atalia, au atampiga huyo atakayeyasema. Lakini mikono yake ilikuwa na rangi na hakutaka kuchafua koti, basi akakaa tu. Baadaye akashika ukuta akainuka.

"Unapajua mahali pake?"

"Napajua. Nimepita pale mara mia mbili tangu nianze. Kuna geti la kufunguliwa kwa namba."

"Na wewe ukiwa maiti unashindwa na geti?"

"Njia hii ni ya watu wote," Firmin akasema. "Kule ndani ni kwa mtu. Kufa hakukupi ruhusa ya kuingia kwa watu."

Shamba la Cazelous lilikuwa limeuzwa na mjukuu wake, miaka kumi na moja nyuma, kwa familia ya Ferrandier kutoka Paris. Ghala la nyasi lilikuwa sasa nyumba ya likizo yenye madirisha makubwa. Solange bado alikuwa anamiliki sehemu iliyobaki ya shamba la baba yake, hatua tisini na nne za mawe na vumbi, ambazo mchungaji mmoja alipitishia kondoo akielekea kwingine. Walifika getini saa saba na dakika chache. Solange akabonyeza kengele.

Alitoka Clémence Ferrandier mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa suruali ya bustani.

"Bi Solange! Karibuni. Ah, na yeye huyu bwana wa jiwe! Tunamwona kila siku akipita, mume wangu humpungia mkono. Ingieni, ingieni, msisimame juani."

Wakaingia. Firmin alitangulia bila kuuliza njia, akapita kwenye nyasi, akazunguka viti vya kuotea jua, akapita ukingo wa bwawa la kuogelea, akafika mahali kati ya jiko la kuchomea nyama na kichaka cha waridi. Akapiga goti. Jiwe likashuka begani mwake lenyewe, likakaa ardhini, likazama kiasi cha kiganja, na herufi V ikatazama bwawa. Firmin akasimama wima. Pale begani palikuwa pamebonyea, pakubwa kama bakuli.

"Limependeza," Clémence akasema. "Ni la zamani?"

"Ni la mwaka elfu moja mia nane na kumi na mbili," Solange akasema. "Ni mpaka. Kutoka hapa kurudi kule ni shamba la Vayssade."

Clémence akatazama kutoka kwenye jiwe kurudi kule. Kulikuwa na bwawa lote, chemchemi iliyolijaza, viti, na nusu ya mtaro wa kulia chakula.

"Niliiba," Firmin akasema. "Hatua kumi na nane, kwa majira saba ya baridi."

"Kusema hivyo kunahitaji moyo," Clémence akasema, na alimaanisha. Akawaletea chai ya majani ya bustanini na biskuti. Firmin hakunywa, ila alikishika kikombe kwa sababu mikono yake ilikuwa huru. Solange akaeleza habari zote za baba yake, tangu hatua ya kwanza hadi msalaba wa namba. Clémence alisikiliza mpaka mwisho na macho yake yakalowa.

"Nimesikitika kweli, Bi Solange. Kweli kabisa. Lakini sisi tulinunua kwa hati. Wakili alituonyesha ramani, mistari yote. Na hata kama... nadhani ikipita miaka thelathini hakuna wa kudai. Siyo mimi ninayesema, ndivyo ilivyo."

"Najua ndivyo ilivyo."

"Ila maji! Ukitaka maji ya chemchemi, njoo wakati wowote. Piga simu tu kwanza."

Solange akashukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Clémence akawasindikiza getini na kumpa Solange mfuko wa njegere changa za bustani yake.

Kilomita sita zilikuwa zimebaki. Bila jiwe, Firmin alikuwa mwepesi mno. Kwenye ukingo wa jabali, mahali ambapo Roquebrelle inaonekana yote chini, na mnara wake na paa zake za mawe, upepo ulimwinua kimo cha magoti na kumsogeza nje ya njia. Solange akamshika mkono wa koti.

"Shika hili kopo," akasema. "Na hizi njegere."

"Sina uzito hata wa..."

"Shika."

Hivyo wakateremka, yeye akipaka, Firmin akimshikia kopo, na alama za kilomita sita za mwisho zikapakwa mara moja moja kama kawaida. Njiani Firmin alimsimulia mambo ya baba yake ambayo hakuwa amewahi kuyasikia. Kwamba alikuwa anaogopa bata. Kwamba usiku wa kuamkia harusi alishona mwenyewe kifungo cha shati kwa uzi mwekundu, kwa kuwa mweupe haukuwepo. Kwamba alikuwa anapiga mluzi vibaya, na alijua, na hakujali. Kisa chake na farasi wa padri hakikuisha, kwa sababu walikuwa wamefika kijijini. Solange alisikiliza. Mama yake alikuwa amekufa bila kutaka kulitaja jina la mumewe, na wengine waliomjua walikuwa makaburini, kimya.

Ofisi ya meya ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Walifika saa kumi na nusu. Bérangère, karani, alikuwa anamwagilia maua ya dirishani.

"Huyu bwana anataka kutoa maelezo," Solange akasema. "Kuhusu jiwe, na kuhusu baba yangu. Yaandikwe na yapigwe mhuri."

Bérangère akakaa, akachukua fomu. "Kitambulisho?"

Firmin akakitoa kwenye mfuko wa ndani wa suti. Walikuwa wamemzika nacho.

"Kimeisha muda wake mwaka wa themanini na tisa," Bérangère akasema. "Anwani ya sasa?"

"Makaburini, safu ya tatu, karibu na bomba."

"Basi hapo ndipo penye tatizo, mzee wangu." Akageuza fomu ili waione. "Hapa panasema 'mimi niliye hai na mwenye akili timamu.' Ya akili sina shaka. Lakini hili la kwanza siwezi kulitilia mhuri, nitafukuzwa kazi."

"Sasa nani atasema?" Solange akauliza. "Walio hai hawakuwepo."

Bérangère akatazama fomu kwa huzuni, kana kwamba yeye ndiye aliyeichapa.

Meya alitoka ofisini kwake aliposikia sauti. Aliitwa Régis Delpuech, mtu mkarimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyechaguliwa mara tatu. Alimsalimia Solange kwa mabusu mawili na Firmin kwa kuinamisha kichwa. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Bi Solange, wewe unataka nini hasa? Ardhi?"

"Ardhi imekwenda. Nataka baba aletwe nyumbani, azikwe hapa. Na nataka isemwe mbele ya watu kwamba hakuwa mwendawazimu. Kwamba alihesabu sawa. Ni hayo tu."

Régis akajikuna shingo. Hospitali ilikuwa imefungwa tangu mwaka wa tisini na nane, akasema, na makaburi yake yamekuwa maegesho ya magari, kwa heshima zote, kulikuwa na ibada. Mafaili yako hifadhi ya mkoa, aandike barua. Na kuhusu kusema mbele ya watu, lilikuwa jambo gumu kidogo, kwa sababu barua ile ilisainiwa na meya wa wakati ule, na meya wa wakati ule ndiye aliyeleta maji ya bomba na umeme, na uwanja wa kanisa ulikuwa na jina lake, na wajukuu zake wawili walikuwa kwenye baraza.

"Simtetei," Régis akasema. "Ila wote wameshakufa, Bi Solange."

"Mmoja yuko hapa," Solange akasema.

"Ndiyo, na tunamshukuru kwa kuja." Régis akafikiri, uso ukamng'aa. "Tunachoweza ni kibao. Kibao cha maelezo, pale kwenye mialoni. Watembeaji wanavipenda sana."

Saa kumi na moja Bérangère akafunga dirisha. Firmin akamrudishia Solange kopo na njegere, akashikilia vyuma vya ukuta ili asipeperuke, akaenda makaburini kwa kujivuta, nguzo hadi nguzo.

Siku tisa baadaye mtu aliyeajiriwa na familia ya Ferrandier kukata nyasi alipitisha mashine kati ya jiko na waridi, na kisu kikagonga jiwe na kukatika. Hakuwa ameambiwa lolote. Aling'oa jiwe kwa mtaimbo, akalipakia kwenye toroli, akalitupa nje ya geti karibu na mapipa ya taka. Ijumaa asubuhi Firmin alikuwa kwenye mialoni tena, nalo begani. Solange akapiga simu. Clémence alisikika akisema kwa sauti yake nzuri, iliyorekodiwa, kwamba wako Paris hadi Agosti. Namba za geti zilikuwa zimebadilishwa, kwa sababu watembeaji wengine walikuwa wameanza kuingia kuogelea.

Kibao kikawekwa mwezi wa Juni. Kiliitwa "Ngano ya Mtu wa Jiwe." Kilisema kwamba tangu kale watu wa uwanda huu walisimuliana habari za roho ibebayo mzigo wake, na kwamba kila kijiji kina ngano zake. Chini kulikuwa na picha ya mwaloni na ombi la kutompa chakula. Jina la Vayssade halikuwemo, wala la Cazelous. Msimu huo watembeaji waliongezeka maradufu, na Josette akaanza kuoka mkate wenye umbo la jiwe.

Jibu la hifadhi ya mkoa lilifika Septemba. Faili la Émilien Vayssade lilikuwa limepatikana, kurasa nne, na nakala ilikuwa ndani ya bahasha. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa daktari, uliandikwa: "Mgonjwa mtulivu, msafi, mwenye adabu. Anaendelea kuamini kwamba shamba lake linapungua. Hakupona." Barua ya juu ilieleza kwa heshima kwamba maoni ya kitabibu hayawezi kurekebishwa isipokuwa na daktari aliyeyaandika.

Solange alikunja barua, akavaa viatu vya kutembelea ijapokuwa haukuwa msimu wa kupaka rangi, akapanda mpaka kwenye mialoni. Firmin alikuwa ameegemea kibao. Akamsomea kurasa zote nne. Firmin alisikiliza bila kuinua uso.

"Sijakusamehe," Solange akasema.

"Najua."

"Sidhani nitakusamehe."

"Najua, mwanangu."

Bega lake lilikuwa limeliwa sasa karibu kufika shingoni. Jiwe lilikuwa limeinama, na mtu yeyote angeona kwamba halitafika mwisho wa kipande hicho cha njia bila kuanguka. Solange aliitia barua mfukoni, akaenda upande wa pili, akaingiza bega lake chini ya ncha yenye herufi V. Lilikuwa zito kama jiwe lolote la ukubwa ule.

"Haya," akasema. "Endelea. Ulifika wapi? Baba na yule farasi wa padri."

"Farasi wa padri. Ehe. Basi siku hiyo baba yako alikuwa amevaa viatu vya mama yake..."

Tangu hapo wakawa wanatembea hivyo kila Jumanne, kilomita kumi na tisa kwa siku nzima, wakipumzika mahali ambapo goti lilitaka. Ofisi ya utalii iliongeza mstari mmoja kwenye kijitabu. Mwezi wa Oktoba, kwenye mwinuko kabla ya kikanisa, bwana mmoja mwenye kofia na mkoba mpya aliwasimamisha kwa adabu, akaomba kupiga picha, akapiga, akamsikiliza Firmin akisema kwa kuhema kwamba aliiba. Kisha akamgeukia Solange, kwa kuwa alionekana mwenye pumzi zaidi.

"Samahani, mama. Na wewe pia uliiba?"

"Hapana," Solange akasema. "Mimi ndiye mwenye shamba."

Yule bwana akatabasamu kwa upole, akasema ndiyo, ndiyo, bila shaka, akasogea kando kuwapisha, nao wakaendelea kupanda.